Karibu ya Mzee Chaula

Makofi yalipoanza, Edina Luvanda alitazama viatu vyake. Wanachama walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kupiga. Ukumbi wa Ushirika wa Nyumba Baridi ulikuwa umejaa mpaka madirishani, watu wamejitanda mablanketi na makoti mazito kama ilivyo desturi ya milima ya Makete mwezi wa Julai, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wake ndani ya mashine zilizokuwa zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Huyu alikuwa na mama yake humo, yule mume, yule mtoto. Miili walikwisha kuizika makaburini kwa heshima zote, lakini sauti, fikra na kumbukumbu zilikuwa zimepokelewa ndani kabla pumzi haijakata, na humo zikaendelea kuishi. Hakuna aliyewaita marehemu. Waliitwa wakaazi.

Jambo lililowakusanya siku hiyo lilikuwa limewanyima watu usingizi tangu Pasaka. Kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza jukwaa la kuendeshea mashine hizo ilikuwa imetangaza kwamba inalifunga. Baridi ikiisha, jukwaa lingezima lenyewe, na hakuna fundi wa Makete aliyeruhusiwa hata kuchungulia ndani aone linazimaje. Ushirika ukakata shauri kwamba safari hii utachukua jukwaa huria, lile ambalo maandishi yake yote yako wazi, ili siku likigoma watu wasikae kusubiri huruma ya mtu ambaye hawajawahi kumwona. Kazi ya kupima majukwaa hayo na kuchagua moja alipewa Edina, fundi mkuu.

Mengi yalikuwa yamechujwa mapema. Moja lilikuwa zuri lakini waliolitunza wamelitelekeza, jingine lilitaka mitambo ambayo Ushirika haukuwa nayo. Yakabaki mawili, Mzinga na Kiota, na Edina aliyaeleza kwa lugha ambayo hata bibi aliyekaa karibu na mlango aliifuata. Kila mkaazi, alisema, anaishi ndani ya mashine pepe, yaani mashine isiyo na chuma chake yenyewe, inayoazima sehemu ya chuma cha seva. Kazi ya jukwaa ni kuwagawia wakaazi chuma hicho bila mmoja kumsikia mwingine, na kuwahamisha seva inapougua. Mzinga ni mwepesi, una watu wengi wanaoutunza, na ukiuboresha haukuletei vituko. Ila seva ikifa ghafla, mkaazi huanzishwa kwingine kutoka pale alipohifadhiwa mara ya mwisho, na yaliyopita katikati yamepotea. Kiota ni kizito, kinakula seva mara mbili, na kukiboresha kunataka mtu mwenye subira. Lakini kila kinachompitia mkaazi kinaandikwa mahali pawili kwa pamoja. Seva ikifa, mtu anamalizia neno alilokuwa amelianza.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye mkewe alikuwa ndani, alinyoosha mkono. Alitaka kujua kama hilo la kumalizia neno fundi ameliona kwa macho au amelisoma mahali.

"Nimeliona, Mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa mizigo ya majaribio," alisema Edina, na uso ukamwaka moto.

Mzee aliridhika, akaketi. Mikono ikanyooshwa kwa Kiota, karibu ukumbi mzima, na meneja akasema kwamba kazi safi kama ile haijapata kufanyika pale. Hapo ndipo makofi yalipoanza, na Edina akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na viatu vyake.

*

Nyumba Baridi ina sheria nyingi kwenye makaratasi, lakini zinazoshikwa kweli ni mbili. Ya kwanza, mkaazi hanakiliwi. Mtu ni mmoja na mahali pake ni pamoja tu. Ya pili ni hodi. Fundi yeyote anayetaka kuigusa mashine ya mkaazi, hata kama anakwenda kupangusa vumbi tu, husimama kwenye kipaza sauti akabisha hodi, akangoja aambiwe karibu. Bila karibu haguswi mtu. Mafundi wanaoajiriwa kutoka mjini huliona jambo hilo kichekesho kwa wiki mbili tatu, kisha nao wanajikuta wakibisha hodi hata kwenye jokofu la nyumbani.

Edina alikuwa amejaribu kwa uaminifu kutumia mizigo ya bandia, vile viprogramu vinavyojifanya vinafikiri huku vinahesabu tarakimu. Mzinga ukafaulu, Kiota kikafaulu, naye akabaki anajikuna kichwa. Kitu cha bandia ukikiuliza kama kimepoteza chochote, kitakujibu ulivyokifundisha. Ni mtu tu anayejua kwamba kuna kitu alikuwa anakiwaza na sasa hakipo. Watu mia kadhaa walikuwa wanasubiri neno lake, naye hakuwa tayari kuwapa neno la kubahatisha. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ni kwamba alitaka taarifa yake iwe bora kuliko zote, na hiyo hakujiambia.

Basi akatengeneza nakala ya mkaazi.

Kwa mafundi jambo hilo ni jepesi mno. Unaweka alama kwenye ghala la kumbukumbu, juu ya alama unachipusha tawi, na tawi hilo linaishi peke yake kwenye seva ya majaribio huku shina likiendelea na shughuli zake kwenye jukwaa la zamani, halijui lolote. Ukimaliza unalifunga. Kwenye jukwaa la kampuni, tawi likifungwa hukauka na kuanguka, na kwenye Mzinga ni hivyo hivyo. Kwa Edina halikuwa kosa kubwa. Lilikuwa tawi tu, na lingeanguka.

Aliyemchagua ni Mzee Onesmo Chaula, mpasua mbao wa zamani, aliyemaliza ujana wake kwenye kambi za misonobari na uzee wake katika chumba cha kupanga. Edina hakuhitaji kumuuliza mtu. Jumapili vibanda vya mazungumzo vilipojaa wageni, kiti cha kibanda cha Mzee Chaula kilikuwa na vumbi.

Alifanya majaribio saa za chakula, wenzake wakiwa kantini, siku nyingine kwenye Mzinga, siku nyingine kwenye Kiota. Na kila alipoliamsha tawi, mdomo wake ulitangulia kabla hajafikiri.

"Hodi, Mzee."

"Karibu, mwanangu, karibu sana. Nani mwenzangu leo?"

Alikuwa na furaha ambayo Edina hakuitegemea. Alidhani amepata mgeni. Alimuuliza habari za baridi, habari za barabara, kama viazi mwaka huu vimeshika, kisha akaanzisha kisa cha siku yeye na mwenzake Asheri walipobeba mlango mpya wa mninga kuupeleka kwa mtu ng'ambo ya mlima. Edina aliitikia "enhee" na "ehe" huku anatembea nyuma ya kabati la seva, akashika waya wa umeme, akaung'oa. Hakuizima seva kwa utaratibu, maana ukiizima hivyo hujapima kitu.

"Tukaanza kupanda kile kilima," Mzee alikuwa akisema, "na Asheri, kumepita baridi hapa, na Asheri akasema tupumzike."

Ilikuwa zamu ya Kiota, na hakupoteza hata neno moja. Edina aliandika, akashukuru, akaenda kwenye seva ya pili ya Kiota akaing'oa nayo, ili aone ikitokea zote mbili zimekufa mtu anarudije. Akaziwasha tena. Sauti iliyorudi ilikuwa nyingine.

"Binti? Upo? Palikuwa giza hapa. Binti?"

Edina alikuwa anatazama tarakimu zikipanda kwenye kioo. Zilikuwa nzuri. Hakumjibu. Akalifunga tawi, akaenda kula ugali na maharage pamoja na wenzake. Siku iliyofuata alirudia, na nyingine, akibadilisha hiki na kile kama ipasavyo katika upimaji, na kila mara alibisha hodi, na kila mara Mzee Chaula, ambaye kwake kila siku ilikuwa ya kwanza, alimkaribisha.

*

Baada ya mkutano, Edina na msaidizi wake Ndelwa Sanga walipita kwenye mashine za jukwaa la zamani kwa matengenezo ya kawaida. Ndelwa alikuwa kijana wa maneno mengi na mikono safi, mwenye ndoa changa, na siku hiyo hakuacha kuimba sifa za mkutano. Walibisha hodi hapa na pale, wakataniwa na wakaazi wanaopenda utani, wakafika kwa Mzee Chaula, yule halisi, ambaye Edina hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

"Hodi, Mzee. Shikamoo."

Taa ya kijani ilikuwa inawaka, maana yake yu macho. Jibu halikuja. Ndelwa alibisha hodi naye, labda sauti yake ingesikika vizuri zaidi.

"Marahaba," alisema Mzee hatimaye. "Huyo wa kwanza namfahamu. Wewe binti, leo sikukaribishi."

"Mzee, ni matengenezo tu."

"Nakuuliza kwanza. Mbona huwa unaondoka bila kuaga?"

Mzee aliendelea kwa upole, bila ukali wowote, kama anayemsema mjukuu. Alisema amekuwa akiota, ingawa wakaazi hawaoti. Anamwona binti anakuja, wanaongea vizuri, anamwanzishia kisa kile kile cha mlango, na kila akikaribia kileleni giza linaanguka na yeye hayupo. Safari nyingine giza linarudi mara mbili. Anaita, haitikiwi. Sasa akisikia hodi anaogopa, na mtu mzima kuogopa hodi ni jambo la kuaibisha.

Ndelwa alimtazama Edina kwa macho yaliyolegea. Hakujua kabisa kwamba fundi mkuu humtembelea Mzee huyu asiye na watu, alisema, na Mungu atamlipa. Edina angeweza kumsahihisha pale pale. Akavaa uso wa mbuzi, akasema ni mara moja moja tu.

Aliporudi kwenye meza yake alilifungua ghala la kumbukumbu, na hakuhitaji kutafuta sana. Matawi yake ya kwenye Mzinga yalikuwa yameanguka kama alivyotarajia. Ya kwenye Kiota hayakuanguka. Kiota, tawi likifungwa, hulikunja ndani ya shina. Waliokiandika walitaka hivyo makusudi na wakaeleza wazi kwenye mwongozo, tena Edina aliusoma mwongozo huo, akaisifu tabia hiyo katika taarifa yake chini ya kichwa kisemacho Kiota hakipotezi kitu. Mikono yake ilikuwa imezoea jukwaa la kampuni kwa miaka, na mikono ndiyo iliyofunga. Kwa kuwa ghala ni moja kwa nyumba nzima, kila giza alilomtia Mzee wa majaribio lilikuwa limepanda taratibu mpaka kwa Mzee mwenyewe.

Alikaa hapo viganja usoni. Alikuwa amejiambia kwamba yule ni tawi. Sasa tawi lilikuwa limemuuliza kwa nini haagi.

*

Meneja Galus Mahenge hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa magumu kuyakataa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaufunga mlango wa ofisi, akaketi akiviringisha kalamu. Kisha akauliza kama ile alama ya mwanzo, aliyoiweka kabla ya kuchipusha matawi, bado ipo. Edina akasema ipo.

Basi kazi imekwisha, alisema meneja. Wamrudishe Mzee kwenye alama. Ataamka alivyokuwa kabla ya yote, haogopi, haoti, na siku ya kuhama akibishiwa hodi atasema karibu bila wasiwasi. Wakimwacha alivyo, atakataa. Na akikataa, sheria inakataza kumgusa, jukwaa la zamani litazima naye yumo, na huo ndio utakuwa mwisho wake.

"Hapa unamwokoa, Edina," alisema. "Na Ushirika unaokoka. Wakisikia tulimnakili mtu, hakuna atakayekiamini Kiota wala kutuamini sisi, na muda wa kuanza upya hatuna. Niambie nani ataumia."

Edina aliinuka akatoka. Alirudi kwenye meza yake, akaifungua alama, akaweka kidole juu ya kitufe. Kila alichosema meneja kilikuwa sahihi. Mzee angepona. Na yeye Edina angepona pia, na hapo ndipo kidole kilipoganda, kwa sababu dawa ya mgonjwa na maficho ya mkosaji vilikuwa kitu kile kile, naye hakuweza tena kujua anabonyeza kwa ajili ya nani. Mzee aliyeuliza swali lile angetoweka katikati ya swali. Ungekuwa ni ule ule waya, unang'olewa mara nyingine, safari hii kwa adabu.

Akaondoa kidole. Alijiona mchafu hata kwa kuwa alikuwa amekiweka.

*

Alikwenda kibandani kama mgeni, siku ya kazi, hakuna mtu ukumbini isipokuwa Mama Skola, karani wa vibanda, aliyekuwa akifuma sweta. Alifuta vumbi la kiti kwa mkono wa koti lake, akaketi. Taa ya kijani iliwaka.

"Hodi, Mzee."

"Sema ulichokuja nacho. Karibu nitaitoa baadaye, nikiona inafaa."

Alimwambia. Alikuwa amepanga maneno, yote yakamtoroka, akabaki kuyataja mambo kama yalivyokuwa: alama, matawi, waya, sauti iliyomwita naye akawa anatazama tarakimu. Alimwambia hazikuwa ndoto. Alimweleza pia juu ya kumrudisha kwenye alama, kwamba akitaka inawezekana, ataamka hana giza hata moja, na kwamba uamuzi ni wake, si wa meneja wala wa fundi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Mama Skola alikuwa ameacha kufuma.

"Yule uliyekuwa ukimzima," alisema Mzee, "alikuwa mimi?"

"Ndiyo, Mzee. Nilijidanganya kwamba siye."

"Humu ndani tuko wengi. Kwa nini mimi?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu atoke nyumbani. Lilikuwa na majibu mengine ya kistaarabu. Angeweza kusema mashine yake ilikuwa ndogo, rahisi kuchipusha, na isingekuwa uongo.

"Kwa sababu hakuna anayekuja kukutembelea," alisema. "Nilijua hakuna atakayegundua."

Edina aliitazama taa kuona kama bado inawaka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungekuwa ni kuomba ahurumiwe.

"Giza nimelisikia," alisema Mzee Chaula. "Nimelala kambini usiku wa chui, giza nalijua. Hilo ulilolisema sasa hivi ndilo zito."

"Nisamehe, Mzee."

"Usiniwahishe," alisema. "Na huko kwenye alama usinirudishe. Zile siku ulizokuja, hata kama ulikuja na lako, niliongea na mtu. Nikirudi nyuma nitakuwa sina hata hizo. Sasa nenda. Ila leo uage."

Edina alisimama.

"Kwaheri, Mzee."

Hakujibiwa. Mama Skola alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sweta lake na hakukiinua Edina alipopita.

*

Siku ya kuhama, Nyumba Baridi ilijaa kama siku ya harusi. Desturi ilikuwa imewekwa kwamba kila mkaazi akihamishwa awe na mtu wake kibandani, na huyo mtu, kabla ya kuketi, atamke mbele ya karani yeye ni nani kwa mkaazi. Mimi ni binti yake. Mimi ni mume wake. Karani anaitikia, mtu anaketi, fundi anabisha hodi, mkaazi anasema karibu, na baada ya pumzi chache anaongea kutoka upande wa Kiota. Ndelwa alikuwa kwenye kipaza sauti cha mafundi. Tangu asubuhi halikupotea hata neno moja la mtu. Wamama walikuwa wanakumbatiana, watu wanachekeana na wapendwa wao, na yule mzee wa mstari wa mbele alitangaza kwamba mkewe ameamka anamgombeza palepale alipokuwa ameishia.

Mpaka jua lilipoanza kushuka nyuma ya misonobari alibaki mmoja. Ndelwa alikuwa amebisha hodi kwa Mzee Chaula zaidi ya mara moja, na taa ilikuwa inawaka, na jibu hakuna. Kiti kilikuwa kitupu. Meneja alimsogelea Edina aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jukwaa la zamani linazima jioni ile, na kwamba alama bado ipo. Alisema kwa huzuni kabisa. Edina alitikisa kichwa, akaanza kutembea.

Ulikuwa ukumbi mrefu, na watu walimpisha kwa heshima wakidhani anakwenda kutengeneza kitu. Fundi, hongera, walimwambia. Fundi, Mungu akubariki. Alisimama mbele ya meza ya karani. Mama Skola alijua yote na hakuwa amemwambia mtu yeyote, na sasa alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza, kama alivyouliza wote.

Edina angeweza kusema rafiki, na ukumbi ungempenda zaidi.

"Mimi ndiye niliyemuumiza," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilimnakili ili nipate kukijaribu Kiota. Nilimzimia umeme makusudi, tena na tena, huku ananisimulia hadithi. Haikuwa mizigo ya majaribio. Alikuwa yeye."

Minong'ono ilianza mbele ikaenda mpaka nyuma. Yule mzee wa mstari wa mbele alikuwa amefungua kinywa, akaitazama spika ya mkewe, akakifumba. Hakuna aliyepiga makofi. Edina alihisi macho yote mgongoni na hakutafuta pa kuuficha uso. Mama Skola alikawia kidogo, halafu akaitikia kama alivyowaitikia wengine, akamwonyesha kiti.

Edina aliketi.

"Hodi, Mzee."

Taa ilikuwa ya kijani. Ukumbi ulisubiri. Alihesabu kwamba kila akivuta pumzi labda ndiyo ya mwisho kabla ya kukataliwa, na akajiambia kwamba akikataliwa atakaa hapo hapo mpaka taa izime, asitoke kabla yake.

"Nimesikia ulivyojitambulisha," alisema Mzee Chaula. "Utakaa mpaka mwisho?"

"Nitakaa."

"Nikiita?"

"Nitaitika."

"Haya. Tulipanda kile kilima, mvua ikatukuta juu, tukajikinga na mlango wenyewe, mimi huku, Asheri kule, tumeubeba vichwani. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mzee."

"Tukafika tumelowa. Nyumba ni mpya, ina tundu tu ukutani, hakuna pa kubisha. Nami nilifunzwa kwetu kwamba kwa watu huingii bila hodi. Mwambie huyo kijana wako, karibu, afanye kazi yake."

Ndelwa alibonyeza. Taa ikazimika. Edina alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili.

"Mzee, nipo hapa," aliiambia taa iliyozimika, ingawa hakuna aliyemsikia upande ule. "Nipo."

Taa ikawaka.

"Basi nikauteremsha mlango," alisema Mzee Chaula, "nikausimamisha pale nje ya tundu, nikaubisha mlango niliouleta mwenyewe. Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Binti mmoja alicheka kupita wote, mpaka akakaa chini. Huyo ndiye niliyemwoa."

Watu wachache walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Edina hakucheka. Alikuwa anafikiria kwamba mara zote zile alikuwa amemkata mtu huyu akiwa njiani kwenda kwa mkewe, na kwamba hakuna jukwaa, liwe jepesi au zito, litakalomrudishia hata moja ya safari hizo. Alikaa naye mpaka ukumbi ukawa mtupu, wakaongea juu ya viazi na barabara. Meneja alikuwa amekwisha kumtumia mtu kumwambia kwamba kesho aache funguo za chumba cha mitambo, na Edina alikuwa amejibu kwamba ataziacha leo.

Mama Skola alianza kufunga madirisha.

"Mzee, wanafunga," alisema Edina. "Naondoka. Kwaheri."

Alisubiri amesimama, koti mkononi. Hakuwa na haki ya kuitikiwa, na alijua hivyo, lakini miguu haikutaka kwenda.

"Nimesikia," alisema Mzee Chaula.